Fomula ya Yamane Haikuchagulii Sampuli

Nimeletewa tena pendekezo la utafiti lenye maneno yaleyale katika sura ya tatu: jamii lengwa (kundi zima linalochunguzwa) ni wanafunzi 1,000, kosa linaloruhusiwa ni 0.05, kwa hiyo sampuli ni 286. Nikamuuliza mwenye kazi, kwa nini 286? "Ndivyo fomula inavyosema, mwalimu."

Hesabu yenyewe ni sahihi. Fomula ya Yamane inakutaka ugawe idadi ya jamii lengwa kwa 1 ukijumlisha idadi hiyohiyo mara kosa mara kosa: hapa 1 + 1,000 × 0.05 × 0.05 ni 3.5, na 1,000 ukigawa kwa 3.5 unapata karibu 286. Kinachonichosha ni imani kwamba ukishaandika "Yamane (1967)", habari ya sampuli imekwisha na hakuna wa kukuuliza zaidi. Mimi nitauliza.

Fomula hiyo inajibu swali moja tu: nikitaka kukadiria asilimia ya watu wenye sifa fulani katika jamii lengwa, nahitaji watu wangapi ili kosa lisizidi asilimia 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95? Na inajibu kwa masharti. Inachukulia kwamba kila mmoja amepatikana kwa nasibu, yaani kwa kura ambayo kila mtu katika jamii lengwa ana nafasi sawa ya kuchaguliwa. Inachukulia pia hali ngumu kuliko zote, yaani jamii imegawanyika nusu kwa nusu, wenye sifa hiyo na wasio nayo. Ndiyo maana haivuki 400 hata jamii lengwa ikiwa na watu milioni. Ukiona 384 kwenye kazi ya mwenzako usihangaike: huyo ametumia 1.96, kizidishi cha uhakika wa asilimia 95, pale ambapo Yamane anaikadiria kuwa 2.

Sasa soma aya inayofuata katika pendekezo lilelile: "Mtafiti atawafikia wale watakaopatikana kwa urahisi." Aya mbili zinafuatana na ya pili inaivunja ya kwanza, na aliyeziandika hakuliona hilo. Ukishaacha nasibu, ile asilimia 5 si yako tena. Ukitupa kiungo cha dodoso kwenye kundi la darasa, watakaojibu ni rafiki zako, wanaopenda mada yako, na wale wenye malalamiko. Ukiwapata 286 wa namna hiyo, umepata maoni ya watu 286 waliopenda kujibu. Kuongeza wengine 300 kwa njia ileile hakuondoi upendeleo.

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 na kutabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo yote isipokuwa mawili. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, yaani watu wenye uwezo, wakati uchumi umeanguka, na wengi waliotumiwa karatasi hawakuzirudisha. Wingi haukulisaidia jarida lile, na hautakusaidia wewe.

Tuseme basi umechagua kwa nasibu kweli, kutoka kwenye orodha kamili ya majina. Bado rudi kwenye swali lako la utafiti. Kama unalinganisha wanafunzi wanaofanya kazi na wasiofanya, na katika 286 wako wanaofanya kazi ni 30, basi kila asilimia utakayoitaja kuhusu hao 30 inaweza kupotoka kwa karibu asilimia 18 juu au chini. Sampuli yako ni kubwa kwa swali ambalo hukuuliza na ndogo kwa swali uliloliuliza. Dawa ni kuligawa kundi mapema na kuchukua wa kutosha kila upande.

Kwenye mahojiano ya kina sitakawia: Yamane hahusiki kabisa. Hukadirii asilimia yoyote pale.

Ila hapo pana jambo linalonisumbua. Tunawafundisha wanafunzi kuhoji mpaka majibu yaanze kujirudia, ndipo waache. Lakini kamati inayopitisha mapendekezo inataka namba kabla hujazungumza na mtu hata mmoja, na kujirudia kunaonekana baadaye tu. Tena mara nyingine majibu hujirudia kwa sababu umewahoji watu wa aina moja, si kwa sababu mambo yamekwisha. Sina jibu linaloniridhisha. Nawashauri waandike makadirio, tuseme 12 hadi 15, watoe sababu zake, na waseme wazi kwamba namba inaweza kubadilika uwandani. Baadhi ya wasimamizi wenzangu hawalipendi hilo.

Ninachosisitiza kwa kila anayenijia ni kazi ya jioni moja: kabla hujaandika dodoso, chora majedwali ya matokeo yakiwa matupu. Weka vichwa vya safu na mistari, usiweke namba. Kila jedwali lijibu swali moja la utafiti. Hapo utaona mwenyewe unahitaji makundi mangapi, na kila kundi watu wangapi. Utaona pia maswali ya dodoso yasiyo na jedwali la kwenda, yafute. Nimeona dodoso la kurasa sita likibaki mbili kwa njia hiyo.

Na ikiwa muda na orodha ya majina havikuruhusu nasibu, hilo si kosa la kuficha. Toa fomula. Andika kwamba umewachukua waliopatikana, eleza uliwapataje, ni akina nani yaelekea wamekosekana, na wangejibu tofauti vipi. Halafu pitia sura ya matokeo na ya hitimisho sentensi kwa sentensi, na kila ulipoandika "wanafunzi wengi wanaamini" uandike "wengi wa waliojibu wanaamini".