Kupiga picha wanyama wa msitu wa mvua: ulizia mti kwanza

Wengi wanaoniomba ushauri huanza na orodha: sokwe, ndovu wa msituni, komba. Mimi huwauliza, mwezi huo mti gani utakuwa unazaa?

Nyikani unazunguka na gari mpaka umpate mnyama. Msituni mara nyingi huoni hata hatua 20 mbele, na mnyama amekusikia zamani. Afadhali uketi pale anapofuata kitu. Mkuyu wenye matunda mabivu hauna mapumziko: mchana wamo mbega na sokwe, usiku wanaingia komba na popo. Kule Dzanga, Jamhuri ya Afrika ya Kati, ndovu wa msituni hutoka mchana kweupe kwenye uwazi kufuata madini ya udongoni, nawe unawatazama ukiwa juu ya jukwaa. Basi kabla hujakata tiketi, wasiliana na waongozaji wa hapo uwaulize mti upi, mwezi upi. Kisha kaa sehemu moja usiku nne au tano. Kurukaruka kambi tatu kwa wiki ni kupoteza safari.

Usiku, shika tochi usawa wa jicho lako, karibu na shavu. Mng'ao wa macho ya komba hurudi kule mwanga ulikotoka, kwa hiyo tochi ikiwa kiunoni hutauona. Ukishaona yale makaa mawili, sogeza mwanga pembeni. Flashi usiwashe, macho yale yameumbwa kwa giza.

Chini ya miti mwanga unaofika ni kama asilimia 2 tu. Chukua lenzi inayofunguka sana, na usiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 au 6400. Sokwe mweusi kamera humfanya wa kijivu, kwa hiyo punguza mwanga wa picha hatua moja kwenye kamera. Mbega aliye juu, nyuma yake mbingu nyeupe, mwongezee.

Unyevu nao una hila zake. Asubuhi moja nilitoka na kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi, lenzi ikashika ukungu, nikabaki nafuta huku sokwe wakivuka njia mbele yangu. Tangu hapo kamera yangu hailali penye ubaridi.

Kwa gorila wa milimani, kundi moja hutembelewa na watu wasiozidi 8 kwa saa moja, kwa sababu magonjwa yetu ya kifua huwaua. Ukiamka na mafua, baki kambini, hata kama kibali umeshakilipia.