Je, wajua kwa nini chura wa Kihansi alitoweka ilhali mto wake haukukauka?

Mto Kihansi hushuka kutoka milima ya Udzungwa, kusini mwa Tanzania, na kwenda kuungana na maji ya Mto Kilombero. Kabla ya kufika bondeni huporomoka takriban mita 850 ndani ya korongo lenye maporomoko mfululizo, na anguko hilo ndilo lililowavutia wahandisi. Bwawa la zege lenye kimo cha mita 25 lilijengwa juu ya korongo, maji yakaelekezwa kwenye handaki, na kufikia mwaka 2000 mitambo mitatu, kila mmoja wa megawati 60, ilikuwa inafua umeme kwa ajili ya gridi ya taifa.

Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kuanza, watafiti walimkuta kando ya maporomoko hayo chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hajapata kuonekana mahali pengine popote duniani. Jike aliyekomaa hafikii sentimita 3. Hatagi mayai majini kama walivyo vyura wengi, bali huzaa vichura vilivyokamilika, visivyopitia hatua ya viluwiluwi. Makazi yake yote yalikuwa vipande vichache vya majani yaliyolowa, ambavyo hata vikijumlishwa ni hekta chache tu.

Jibu la swali letu limo katika majani hayo. Chura wa Kihansi hakuishi ndani ya mto, bali katika manyunyu yake. Maji yanapoanguka kwa kishindo juu ya miamba hupasuka kuwa matone madogo mno, na upepo unaozaliwa na anguko lenyewe huyatawanya pembeni, usiku na mchana, masika na kiangazi, hivyo kwamba majani hayakauki na joto halipandi sana. Sasa, nguvu inayoyapasua maji kuwa manyunyu ndiyo hiyohiyo inayotakiwa na mtambo wa umeme, wala haiwezi kutumika mara mbili. Kituo kilipowashwa, takriban asilimia 90 ya maji ilihamia handakini. Kijito kilichobaki kiliendelea kuonekana kama mto, lakini kilitiririka juu ya miamba badala ya kuipiga, na vyura wakajikusanya katika sehemu chache zilizobaki na unyevu.

Kwa maoni yangu, kosa halikuwa kutaka umeme, kwa kuwa megawati 180 zilihitajika sana. Kosa lilikuwa kulichunguza korongo kwa makini wakati kazi ilikuwa imekwisha anza.

Hatua mbili zilichukuliwa. Mwishoni mwa 2000, vyura 499 walikamatwa na kupelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ili wazalishwe huko. Korongoni nako yalitandazwa mabomba yenye vinyunyizio vidogo vya kuiga manyunyu ya asili, jambo ambalo kwa muda lilionekana kufaulu, maana katikati ya 2003 idadi ya vyura ilikadiriwa kukaribia 21,000. Miezi michache baadaye walikuwa karibu wote wamekufa. Kuvu anayeshambulia ngozi ya vyura, ambayo ndiyo wanayoitumia kunywa maji na kwa sehemu kupumua, aligunduliwa miongoni mwao. Wataalamu walitaja pia tope lililotolewa bwawani mwaka huo, ambalo huenda lilibeba viuatilifu kutoka mashamba ya juu ya mto. Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Uzao wa wale waliosafirishwa ulianza kurudi Tanzania mwaka 2010, ukitunzwa kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 baadhi yao wakaachiliwa korongoni. Ni jambo la kutia moyo kwelikweli, kwani ni nadra mno kwa chura aliyetoweka porini kurudishwa alikotoka. Hata hivyo hali ya korongo haijarudi kuwa ya awali: kuvu hawezi kufagiliwa kutoka miambani, na kwa kuwa sehemu kubwa ya maji bado inapita handakini, majani yale yanategemea vinyunyizio, ambavyo lazima vikaguliwe na kusafishwa ili visizibe.