Kutafuta kikundi cha walioacha pombe hapa Lubumbashi

Ndugu wa mgonjwa wakiniuliza kikundi cha watu walioacha pombe kinakutana wapi, mimi kama muuguzi wa magonjwa ya akili huwarudishia swali: anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho amekunywa lini? Wengine hukasirika kidogo, wakidhani ninawachelewesha. Lakini mtu aliyezoea lutuku, pombe kali ya kienyeji, au bia kila siku kwa miaka, akikata ghafla, mwili unaweza kumgeuka. Saa chache tu na mikono inatetemeka, kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili na bado kinamwagika. Ndani ya siku 2 za kwanza anaweza kuanguka kifafa. Kuanzia siku ya 2 au ya 3 wengine huchanganyikiwa, huwaka homa, huona wadudu wanatambaa ukutani, na hapo familia husema amelogwa. Hali hiyo inaua. Mpelekeni hospitali kwanza. Wa kumwombea watamfuata hukohuko.

Mkifika, semeni bila kuficha kwamba ni mnywaji. Tumezoea kumtundikia serumu ya sukari kila mgonjwa aliyeishiwa nguvu. Mnywaji wa siku nyingi huwa amepungukiwa vitamini B1, na ubongo hauwezi kuitumia sukari bila hiyo vitamini. Akipewa sukari peke yake, B1 kidogo aliyobaki nayo inakwisha, na anaweza kupoteza kumbukumbu asiipate tena. Ombeni achomwe B1 kabla ya serumu. Nalirudia jambo hili kila ninapopata nafasi, kwa sababu sindano yenyewe ni ndogo na madhara ya kuisahau ni ya maisha.

Mwili ukishatulia, tutafute kikundi. Kinachojulikana zaidi duniani ni Alcooliques Anonymes, au AA. Kilianza mwaka 1935 huko Akron, Marekani. Bill Wilson, mfanyabiashara aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alikwama hotelini baada ya biashara yake kuharibika, na baa ilikuwa pale pale. Akaenda kwenye simu, akaanza kupigia makanisa akiomba aelekezwe kwa mlevi yeyote wa kuzungumza naye. Mwishowe akakutanishwa na Bob Smith, daktari mpasuaji aliyeshindwa kabisa na chupa. Wakazungumza kwa saa nyingi, na AA ikatoka hapo.

Njia hiyo ya Bill inafaa hapa kwetu pia. Ukitaja "AA" mtaani, wengi watakutazama tu. Uliza hivi: "Watu walioacha pombe wanakutana wapi kuzungumza?" Muulize paroko, mchungaji, mama anayeongoza shirika lenu la kanisani, muuguzi wa kituo cha afya. Uliza pia katika kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, cha watawa wa Frères de la Charité. Najua watu wanaogopa kuonekana pale, wakisema ni kwa wenye wazimu. Kuingia kuuliza hakumfanyi mtu alazwe. Na kama unaishi mtaa wa Katuba na hutaki jirani akuone, tafuta kikundi cha mtaa mwingine, kama Kampemba. Nauli ya basi ni ndogo kuliko chupa moja.

Mkutano wenyewe ni mambo ya kawaida kabisa: viti, saa moja au zaidi kidogo, kila mtu anataja jina lake la kwanza na kusimulia yake, wala hakuna anayemkata maneno. Mgeni anaruhusiwa kukaa kimya. Sharti la kuingia AA ni moja, kutaka kuacha pombe. Hakuna anayekuuliza kanisa lako wala kabila lako. Kikapu kikipita, anayetaka anatoa. Kwangu mimi, jambo kubwa ni kwamba usitoke bila namba ya simu ya mtu mmoja aliyekutangulia kuacha, ili hamu ikikushika usiku uwe na wa kumpigia.

Wakikudai pesa ya kuingia, wakikuuzia dawa ya kuponya kwa siku 3, au mtu akielekeza simu akurekodi unapolia, ondoka. Akina mama hasa wanaumia na hayo, maana wengi wanakunywa kwa kujificha, na video moja ya WhatsApp inaweza kuvunja ndoa. Mama, una haki ya kuomba uzungumze na wanawake wenzako. Wake na watoto wa wanywaji nao wana kikundi chao, Al-Anon, tangu mwaka 1951.

Mwenye mega za kutosha anaweza kuhudhuria mikutano ya AA ya Kifaransa kwa intaneti, kamera ikiwa imezimwa. Angalia saa tu: Ulaya ikiwa kwenye baridi, Paris iko nyuma yetu kwa saa 1, wakati wao wa joto tunalingana.

Na ukitafuta ukakosa? Desturi za AA zenyewe zinasema watu 2 au 3 wanaokutana ili waache pombe wanaweza kujiita kikundi, mradi kisiwe tawi la kitu kingine. Tafuta mmoja. Kutaneni mahali pasipouzwa pombe, na msiachane kabla ya kupanga siku na saa ya kukutana tena.