Mfupa kung'aa kwenye CT si kuwa imara

Wahandisi hutumia picha za CT (eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande) kuchora nyonga bandia inayomfaa mgonjwa mmoja. Hizi hapa dhana nne potofu kuhusu kazi hiyo.

Dhana: Mfupa ukionekana mweupe sana kwenye CT, una nguvu, na nyonga bandia itakaa vizuri.

Hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, hasa kwetu Arusha. CT hupima jinsi kila sehemu ya mwili inavyozuia eksirei, kisha huipa namba katika kipimo cha Hounsfield: hewa −1000, maji 0, ganda gumu la mfupa mara nyingi hupita 1000. Namba hiyo inaeleza madini yaliyomo. Haisemi lolote kuhusu kolajeni, nyuzi zinazoufanya mfupa usikatike ovyo.

Sasa mfikirie mtu aliyekulia Maji ya Chai au Ngurdoto. Maji mengi ya upande huo wa Mlima Meru yana floraidi nyingi itokanayo na miamba ya volkano, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia tunayajua sote. Kinachosahaulika ni kwamba floraidi hiyohiyo huingia mifupani, na kwa aliyeinywa miaka mingi mfupa unaweza kuonekana mnene na mweupe pichani huku ukivunjika upesi. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake wenye mifupa dhaifu waliopewa sodiamu floraidi kwa miaka 4. Msongamano wa madini kwenye uti wa mgongo uliongezeka kwa asilimia 35, lakini pingili hazikupungua kuvunjika kwa kiasi cha maana, na mifupa mingine ilivunjika zaidi kuliko ya wenzao wasioitumia.

Kanuni ambazo wahandisi hutumia kukadiria nguvu kutokana na msongamano hazikutengenezwa kwa mifupa ya namna hiyo. Kwa maoni yangu, swali la "ulikulia wapi, mlikunywa maji gani?" linastahili kuulizwa kabla ya mchoro wowote wa nyonga.

Dhana: Chuma kikiwa kigumu zaidi, nyonga itadumu zaidi.

Mfupa huishi kwa kubebeshwa mzigo. Julius Wolff, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, alilieleza hilo mwaka 1892. Ganda la mfupa wa paja lina ugumu wa takriban gigapaskali 15 hadi 20, aloi ya titaniamu karibu 110, kobalti na kromu zaidi ya 200. Chuma kigumu kikibeba mzigo wote, mfupa unaokizunguka hukosa kazi na kupungua. Hapa ndipo ramani ya msongamano wa mfupa inayotokana na CT ina faida ya kweli: mhandisi huona mahali pa kuweka vitundu vidogo kwenye chuma au kupunguza unene wake ili mfupa nao ubebe sehemu yake.

Dhana: Nyonga iliyotengenezwa kwa vipimo vyangu ni bora kuliko ya kawaida.

Kwa wengi, hapana. Nyonga za saizi zilizoandaliwa tayari zimefanya kazi nzuri tangu John Charnley, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alipoanza na yake mwaka 1962, na uchambuzi wa mwaka 2019 ulikadiria kuwa asilimia 58 hivi hufikisha miaka 25. Ya kipekee inahitajika pale nyonga ilipoumbika vibaya tangu utotoni, uvimbe ulipokula mfupa, au upasuaji wa kurudia ulipokuta mfupa umebaki kidogo. Baadhi ya wagonjwa wa selimundu nao wana mfereji wa ndani ya mfupa wa paja uliozibwa na mfupa mgumu, na daktari anahitaji kulijua hilo kabla ya kushika vifaa.

Dhana: Skani niliyopigwa zamani inatosha.

Namba hubadilika kulingana na mashine, nguvu ya umeme wa eksirei, hata dawa iliyodungwa mshipani. Anayetaka kupima msongamano huweka chini ya mgonjwa kifaa chenye madini ya kiwango kinachojulikana, ili namba zilinganishwe nacho. Chuma cha zamani ndani ya nyonga huleta mistari inayoharibu hesabu. Na ile filamu unayoondoka nayo hospitalini haitoshi kwa mchoro: omba mafaili yenyewe kwenye CD, yakiwa na vipande vyembamba, milimita 1 au chini yake.