Mtoto wa maskini kutoboa: tunayoamini na ukweli wenyewe

Dhana: Uingereza baada ya vita kuu ya pili kila mtu alikuwa na nafasi sawa, ukijituma unatoboa.

Ukweli: Wengi walipanda, hilo halina ubishi. Ila mwaka 1972 watafiti wa Oxford waliwahoji wanaume kama 10,000 wa England na Wales, wewe unafanya kazi gani na mzee wako alikuwa anafanya kazi gani, alafu mwanasosholojia John Goldthorpe na wenzake walivyopiga hesabu wakakuta kitu kinauma sana: mtoto wa meneja au daktari alikuwa na nafasi kama mara 4 ya kushika kazi za juu ukimlinganisha na mtoto wa mchimba makaa, mtoto wa karani kama mara 2. Sasa hao wengi walipandaje? Kazi zenyewe ndo ziliongezeka jamani, maofisi, mashule, hospitali za serikali kuanzia 1948, nafasi za juu zikawa nyingi mpaka watoto wa kishua hawatoshi kuzijaza, ikabidi wachukuliwe na wa chini, bila wale wa juu kulazimika kushuka ili kuwapisha. Ni sawa na kuleta daladala kubwa zaidi, waliokuwa wanasimama wanapata siti lakini wa kwanza kuingia ni walewale. Ndo maana mi sikubali kabisa mtu akiambiwa hujatoboa kwa sababu ya uvivu wako.

Dhana: Elimu bure inamaliza tofauti.

Ukweli: Inasaidia, na naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini kule Uingereza sheria ya elimu ya 1944 ilifuta ada kwenye sekondari za serikali, mtihani wa miaka 11 ukabaki kuchuja nani aende grammar, yaani sekondari za wanaofaulu, na huko watoto wa wenye kazi nzuri ndo walipita kirahisi zaidi.

Dhana: Basi Marekani, kule bidii inalipa.

Ukweli: OECD, shirika la nchi zilizoendelea, mwaka 2018 walikadiria familia ya kipato cha chini kule inahitaji vizazi kama 5 kufikia kipato cha wastani, Denmark 2 tu. Na Wamarekani waliozaliwa 1940, karibu 90% walikuja kuwapita wazazi wao kwa kipato, waliozaliwa miaka ya 1980 ni kama nusu tu.

Dhana: Hizi hesabu zinamhusu kila mtu.

Ukweli: Ile ya 1972 ilikuwa baba na mwana wa kiume tu. Mabinti hawakuulizwa.