Kuona pomboo mara nyingi si kuwahesabu
Mvuvi wa Mombasa anaweza kusema pomboo wameongezeka kwa kuwa amewaona mara 3 kwa wiki. Lakini pomboo 6 walewale, wakipita Nyali asubuhi na Shanzu jioni, huwa 12 machoni pa mtu asiyewatambua. Ndiyo maana watafiti hupiga picha pezi la mgongoni, ambalo ukingo wake huwa na mikato na makovu ya mnyama huyo peke yake, kisha hulinganisha picha za miaka tofauti. Nyangumi wenye nundu, wanaotoka Antaktika na kufika kwetu msimu wa kusi, hutambuliwa kwa madoa meusi na meupe chini ya mkia. Kutoonekana nako si kutokuwepo: mawimbi ya kusi, kama ajuavyo kila nahodha, huficha hata pezi lililo karibu na ngalawa.