Pinotage: maana ya jina na tabia za mzabibu wake

Pinotage ni aina ya mzabibu mwekundu iliyozaliwa Afrika Kusini, na jina hilohilo hupewa divai inayotengenezwa kwa zabibu zake. Hapa Lubumbashi, ambako malori kutoka Afrika Kusini huingiza bidhaa kupitia Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, neno hilo huonekana kwenye chupa madukani, na wanunuzi wengi hudhani ni jina la kiwanda au la mji fulani. Sivyo: ni jina la mmea, kama vile mkulima anavyotofautisha aina moja ya muhogo na nyingine.

Mwaka 1925 Abraham Izak Perold, profesa wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, alichavusha mizabibu miwili ya asili ya Ufaransa. Mmoja ulikuwa Pinot Noir, wenye divai ya kusifiwa lakini mgumu kuulea. Wa pili Cinsaut, unaostahimili joto na kuzaa kwa wingi. Wakati huo Waafrika Kusini waliuita Cinsaut kwa jina la Hermitage, na ndiyo maana mtoto aliitwa Pinotage. Perold alipata mbegu nne tu, akazipanda katika bustani ya nyumba yake. Alipohama mwaka 1927, miche hiyo ilibaki katikati ya magugu na nusura ing'olewe pamoja nayo, kama mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, asingeiokoa. Chupa za kwanza zenye jina hilo ziliuzwa mwaka 1961.

Mbegu za zabibu hazipandwi ili kupata aina ileile, kwa sababu kila mbegu huzaa mmea wenye tabia zake. Anayelima muhogo analielewa jambo hili bila kufundishwa, kwani hukata pingili za shina alilolipenda na kuzifukia ardhini. Kwa mzabibu kuna hatua moja zaidi: kijiti cha Pinotage huunganishwa juu ya shina la mzabibu mwingine wenye asili ya Marekani, ambao mizizi yake huvumilia filoksera, kidudu kinyonyacho mizizi na kuua shamba zima. Kwa hiyo kila mzabibu wa Pinotage uliopo leo ni kipande cha miche ile michache ya bustani ya Perold.

Shambani, Pinotage huivisha mapema kuliko Cabernet Sauvignon, aina nyingine ya mzabibu mwekundu, na zabibu zake, zenye ganda nene, hujaa sukari na kutoa rangi nzito. Mashamba mengi ya zamani yana mizabibu mifupi isiyotandazwa kwenye waya, nayo huhimili ukame vizuri.

Ugumu wake uko kwenye uchachushaji. Juisi huchachuka kwa kasi, na joto lisipodhibitiwa divai hupata harufu kali ya rangi ya kupaka ukutani, kasoro iliyoiharibia Pinotage sifa kwa miaka mingi, bila haki kwa maoni yangu, kwa kuwa kosa ni la mtengenezaji wala si la tunda. Tofauti na hiyo, harufu ya ndizi mbivu inayopanda kutoka katika glasi ya Pinotage changa ni ya kweli: hutokana na isoamili asetati, kiini kilekile kinachoipa ndizi harufu yake.

Rasi ya Tumaini Jema, eneo la Afrika Kusini ilikozaliwa Pinotage, hupata mvua wakati wa baridi, mzabibu ukiwa umelala bila majani, na jua kavu wakati zabibu zinapoiva, mnamo mwezi wa pili. Lubumbashi mambo ni kinyume: baridi yetu ni kavu, na mvua hunyesha kipindi cha joto, unyevu ukilisha ukungu wa majani na matunda. Nimeuona mzabibu uliotambaa juu ya kibanda cha ua wa jirani, wenye majani mapana ya kupendeza. Vichala vyake vilianza kubadilika rangi mwezi huohuo wa pili, mvua ikinyesha karibu kila siku, na punje zikaoza kabla hazijaiva.